Kande na Mgomba: Mlo wa Mimea katika Historia ya Mlima Meru

Watu wanaoishi kwa mimea mitupu, wasioonja nyama wala samaki, maziwa wala mayai, hudhaniwa na wengi kuwa ni wa namna mbili tu: ama matajiri wa miji mikubwa wachaguao chakula kama wachaguavyo nguo, ama maskini waliokosa cha kuchagua. Fikira hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli aghalabu hupotosha kuliko uwongo mtupu. Neno vegan, ambalo Waingereza humwitia mtu wa mlo huo, lilibuniwa mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake wachache walipounda chama chao cha Vegan Society. Nchi yao ilikuwa vitani, na nyama, siagi na mayai viligawiwa kwa kipimo. Jina lilikuwa jipya, lakini sahani yenyewe ilikuwa ya kale. Mwaka huo huo, katika mitelemko ya Mlima Meru, maelfu ya jamaa walikaa jioni kuzunguka chungu cha mahindi na maharage, au ndizi na majani, wala hawakuhitaji jina la pekee kwa mlo huo. Waliuita chakula.

Yafaa kuanza na tahadhari. Hapana kabila katika mlima huu lililokataa nyama kwa itikadi. Wameru na Waarusha walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo; walikunywa maziwa; walichinja katika arusi, katika tohara na katika matambiko; na loshoro, chakula cha mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kina heshima yake hata leo. Lakini heshima ya chakula ni jambo moja, na wingi wake ni jambo jingine. Nyama ilikuwa chakula cha siku zenye jina. Siku zisizo na jina, ambazo ndizo nyingi katika maisha ya mtu, zilikuwa za ndizi, nafaka, kunde na majani. Historia ina desturi ya kukumbuka karamu na kusahau chakula cha jioni. Habari zifuatazo ni za chakula cha jioni: jinsi kilivyopatikana, jinsi kilivyopunguzwa, na jinsi kilivyoingiwa na aibu ambayo hakikustahili.

Nchi yenyewe ilisaidia. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, hukinga pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi, na kwa hiyo mitelemko yake ya kusini na mashariki hupata mvua njema, hali upande wa kaskazini hubaki mkavu. Udongo wake ni wa volkano, wenye rutuba. Mito kama Themi, Nduruma na Usa hushuka kutoka msituni, na tangu zamani wenyeji waliichepusha kwa mifereji ili maji yafike shambani katika miezi isiyo na mvua. Chini ya mlima huanza tambarare kavu, nchi ya nyasi na miiba, ifaayo malisho kuliko jembe. Basi kwa mwendo wa saa chache tu kwa miguu mtu aweza kutoka katika nchi ya migomba akaingia katika nchi ya ng'ombe. Kukaribiana huko kwa nchi mbili ndiko kulikofanya historia ya chakula cha Meru iwe na mafunzo.

Wameru, ambao lugha yao ni ndugu ya Kichaga, walihamia mitelemko ya kusini-mashariki kutoka upande wa Kilimanjaro yapata miaka 300 iliyopita au zaidi. Walijua mgomba na walijua mfereji. Mgomba ni rafiki wa mtu asiye na akiba. Nafaka huja kwa wingi wakati wa mavuno, ghala likajaa, kisha likapungua mpaka likabaki vumbi. Mgomba hutoa kidogo kidogo mwaka mzima, na mkungu ukatwapo, chipukizi limekwisha simama kando likingoja zamu yake. Chini ya kivuli chake hukua magimbi, maharage na majani ya mboga. Majani na vigogo vyake hulishwa ng'ombe wa zizini, na samadi hurudishwa shinani. Hivyo hata mlo ambao haukuwa na nyama sahanini ulikuwa na deni kwa mnyama shambani, na mwenye kusifu mlo wa mimea wa zamani hana budi kulikiri deni hilo.

Waarusha walifika baadaye, katika miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini iliyo kusini ya Kilimanjaro, wakakaa mitelemko ya kusini-magharibi. Walinena Kimaasai, wakafuata mpango wa marika kama Wamaasai, lakini mikono yao ilishika jembe. Kwa mfugaji halisi, maziwa, nyama na damu ndivyo vilivyokuwa chakula cha mtu mwungwana, na mazao ya ardhi yalikuwa chakula cha dhiki. Hata hivyo dharau hiyo ilikuwa ya maneno zaidi kuliko ya tumbo. Mwaka ulipokuwa mgumu, wanawake wa Kimaasai walipanda kwenda kwa wakulima wakabadilishana ngozi na mifugo kwa nafaka na ndizi. Na amani ya kubadilishana huko iliheshimiwa hata wakati wanaume walipokuwa katika ugomvi. Mlima na tambarare zilitegemeana, lakini hazikutegemeana kwa kiasi kimoja. Mkulima aliweza kuishi bila nyama ya mfugaji. Mfugaji, ukame ulipomshika, hakuweza kuishi bila nafaka ya mkulima.

Jambo hilo lilidhihirika katika miaka ya 1890. Sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoingia katika pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, yalifika Umasaini yapata mwaka 1890 na 1891, yakaua mifugo kwa wingi usiosimulika. Ndui ikafuata kwa wanadamu. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwaona Wamaasai waliokonda mpaka mifupa wakiomba chakula. Watu ambao utajiri wao wote ulikuwa na miguu minne walibaki bila kitu katika muda wa miezi. Wengi wakakimbilia kwa wakulima: wengine kwa Waarusha, wengine kwa Wameru, wengine mbali zaidi. Wakapokewa, wakajifunza jembe, wakaolewa na kuoa, na watoto wao wakawa watu wa mlimani. Waliokuwa wakila mimea waliwalisha waliokuwa wakiwacheka kwa kuila. Wala haisemwi hivi ili mfugaji afedheheshwe, kwa maana ukame wa mwisho wa miaka hiyo uliwapiga wakulima nao. Inasemwa kwa sababu ndiyo hoja ya kale na ya nguvu kuliko zote kwa mlo wa mimea katika nchi hii: ni mlo uliowaokoa watu chakula cha fahari kilipokufa.

Tena mtu asidhani kwamba chakula hicho chote kilichipuka mlimani tangu kuumbwa kwa dunia. Mgomba asili yake ni Asia. Mahindi na maharage ni wageni kutoka Amerika, waliovuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao, wakapanda bara polepole. Mbaazi asili yake ni Bara Hindi. Katika chungu cha Meru, walio wenyeji wa Afrika ni ulezi, mtama, kunde, fiwi ambayo masokoni Arusha huitwa ngwara, na majani kama mnavu na mgagani. Basi yule asemaye kwamba mlo wa mimea ni mtindo wa kigeni, na yule asemaye kwamba makande ni chakula cha asili kisichochanganyika na kitu cha ng'ambo, wote wawili wamekosea. Mkulima wa mlimani hakuuliza mbegu ilizaliwa wapi; aliuliza kama itaota, kama itashibisha, na kama itavumilia mpaka msimu ujao.

Utawala wa Wadachi ulianza kwa kugusa chakula. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru, na Kapteni Johannes akaleta majeshi ya kisasi. Nyumba zilichomwa, migomba iliharibiwa, na ng'ombe wakatwaliwa kwa maelfu. Katika mwaka 1900 Boma la Arusha lilikuwa limesimama, limejengwa kwa kazi ya shuruti, nalo sasa ni nyumba ya makumbusho katikati ya jiji. Aliyenyang'anywa ng'ombe alibaki na ardhi. Na ardhi nayo ikaanza kupungua. Kuanzia yapata mwaka 1905 Makaburu kutoka Afrika ya Kusini waligawiwa mashamba kando ya mlima, na walowezi wengine wakafuata, hata mitelemko iliyokaliwa na wenyeji ikazungukwa na mashamba ya wageni kama kidole kizungukwavyo na pete. Njia za kushusha mifugo malishoni zikafungwa au zikabanwa. Watu wakaongezeka ndani ya pete, na ng'ombe wakapungua kwa kila nyumba.

Kilele cha mambo hayo kilikuwa Engare Nanyuki. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka nchi hiyo ya upande wa kaskazini-mashariki, nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 akawasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, na kesi hiyo ikawa mojawapo ya malalamiko mashuhuri yaliyoamsha siasa za Tanganyika. Baadaye, pamoja na wakili Earle Seaton, aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1967. Katika historia ya siasa habari hizi zajulikana sana. Katika historia ya chakula zina neno moja la kuongeza, lisilosemwa mara nyingi: shabaha ya kuwahamisha watu wale ilikuwa kupata eneo moja la walowezi la kufugia ng'ombe. Binadamu waliondolewa ili mifugo ya wengine ipate nafasi. Kwa hiyo upungufu wa maziwa na nyama katika nyumba nyingi za Meru haukuwa matokeo ya hiari wala ya uvivu. Ulikuwa matokeo ya ramani.

Ndani ya pete, wenyeji walitumia akili. Kahawa ilipoenea mikononi mwa Wameru na Waarusha tangu miaka ya 1920, haikuiondoa migomba, bali ilipandwa chini yake. Fedha ikakua katika kivuli cha chakula. Mwenye shamba dogo alipanda kwa ghorofa: mgomba juu, kahawa katikati, maharage na mboga chini. Philip Gulliver, mwanachuoni aliyekaa na Waarusha katika miaka ya 1950, aliona jinsi uhaba wa ardhi ulivyokuwa umeingia katika kila shauri la jamaa na jirani. Mlo wa mimea wa wakati huo ulikuwa jibu la hesabu. Eka moja ya mahindi na maharage hulisha watu wengi zaidi kuliko eka moja ya malisho, na watu waliobanwa hawana nafasi ya kupuuza hesabu hiyo.

Hapa yafaa kutazama ndani ya chungu. Kande, au makande, ni mahindi makavu yaliyokobolewa au yaliyoachwa na ganda lake, yakachemshwa pamoja na maharage hata yote mawili yakalainika, kisha yakaungwa kwa chumvi na kitunguu, na mafuta yakiwapo. Katika nyumba nyingine huongezwa ndizi, viazi au majani. Wapishi wa kwanza hawakujua neno protini, lakini walichokifanya kimethibitishwa na elimu ya lishe. Mahindi yana protini kiasi cha sehemu 9 katika 100, lakini yamepungukiwa na kijenzi kimoja cha protini kiitwacho lisini. Maharage makavu yana sehemu 20 mpaka 25 katika 100, nayo yana lisini tele, ila yamepungukiwa na vijenzi vingine ambavyo mahindi yanavyo. Kila kimoja huziba pengo la mwenziwe. Ndizi peke yake hushibisha bila kujenga mwili, kwa kuwa protini yake ni kidogo mno. Ndizi pamoja na maharage ni chakula kingine kabisa. Hekima ya sahani hii imo katika ndoa ya vitu viwili, wala haimo katika kimojawapo.

Kutoka hapo msomaji ataona ni wapi mlo wa maskini ulipoharibika. Haukuharibika nyama ilipotoka. Uliharibika maharage na majani yalipotoka. Mashamba ya walowezi na migodi yalilipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa posho, ambayo zaidi ilikuwa unga wa mahindi. Mji ulipokua, ugali ukawa chakula cha haraka kwa mtu wa kazi, na kinu cha mashine kikaleta sembe, unga mweupe uliotolewa ganda na kiini. Weupe ukawa alama ya ustaarabu, na dona, unga wa punje nzima, ukaonekana duni, ingawa dona ndiyo yenye mafuta, vitamini na madini ambayo sembe imepoteza. Ulezi nao, wenye chokaa na chuma nyingi kuliko mahindi, ukarudi nyuma ukawa wa pombe na uji wa mzazi. Hivyo mji uliwapokea watu wa mlimani, ukawapa kitu kimoja mahali pa vitu vitano. Mtu aweza kula mimea mitupu akawa na afya. Aweza pia kula mimea mitupu akadhoofika, kama mimea hiyo ni unga mweupe asubuhi na jioni.

Aibu ilifuata nyuma. Makande yalipoingia katika shule za bweni na katika magereza, kwa sababu ni rahisi kuyapika kwa pipa na kuyagawa kwa upawa, yalipata sifa mbaya ambayo si yao. Wanafunzi wa vizazi vingi waliyala yakiwa hayakulainika, maharage machache kama nyota za usiku wa mawingu, na wakaapa kutoyala tena wakipata mshahara. Kosa lilikuwa la mpishi na la bajeti, lakini hukumu ikamwangukia mhindi na haragwe. Lugha yenyewe yaonyesha njia nyingine ya kufikiri. Katika Kiswahili cha Arusha na cha bara kwa jumla, neno mboga halina maana ya majani tu. Kila kinachosindikiza ugali huitwa mboga, kiwe mchicha, kiwe maharage, kiwe nyama. Swali la jioni, mboga leo ni nini, huviweka vyote katika daraja moja. Daraja za heshima zimeletwa na mfuko wa fedha, hazikuletwa na msamiati.

Wala si kweli kwamba katika Arusha mlo wa mimea ulikuwa wa lazima siku zote bila kuwa wa hiari. Wafanya biashara Wahindi waliojenga maduka yao karibu na Boma walikuwa na Wahindu na Wajaini miongoni mwao, watu ambao dini iliwazuia wasile nyama. Ingawa maziwa na samli waliyatumia, upishi wao wa dengu, choroko na mbaazi ulionyesha kwamba tajiri naye aweza kuifanya kunde kuwa moyo wa karamu. Waadventista Wasabato, ambao misheni yao ya kwanza katika nchi hii ilianzishwa Giti, Upareni, mwaka 1903, walifundisha kwamba mwili ni amana na kwamba chakula cha mimea ni bora. Chuo Kikuu cha Arusha, kilicho karibu na Usa River, ni chao. Hivyo katika wilaya moja wamekutana watatu: asiyekula nyama kwa dini, asiyekula kwa afya, na asiyekula kwa kukosa. Sahani zao zafanana kuliko wanavyodhani.

Dola huru nayo iliingia jikoni. Mwaka 1973 Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria, na mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio na vikundi vya masomo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, nchi ikiwa imetoka katika ukame na upungufu mkubwa wa nafaka. Pembeni mwa Arusha, kituo cha utafiti cha Selian kilitoa mbegu za maharage zilizochukua jina la mahali pake, miongoni mwake Selian 94 na Selian 97. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye makao makuu Taiwan kilifungua tawi lake Tengeru, nalo likafanya jambo ambalo wataalamu wa zamani hawakulifanya: likakusanya na kuboresha mboga za kienyeji, kama mchicha, mnavu na ngogwe, ambazo mashamba ya wakoloni yaliziita magugu. Mbegu mbili za mnavu zilizotokana na kazi hiyo zaitwa Nduruma na Olevolosi, majina ya mahali pa Arumeru. Kilichokuwa kikichumwa na bibi nyuma ya nyumba kimeingia katika daftari la mwanasayansi.

Soko la Tengeru lajulikana kwa wingi wa mboga hizo, kama masoko ya Kilombero na Soko Kuu yalivyo mjini. Aliye na fedha kidogo akienda huko kwa akili aweza kula vema. Bei hupanda na kushuka, lakini kwa miaka mingi thamani ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe imeweza kununua kilo mbili au tatu za maharage, na kilo moja ya maharage makavu ina protini isiyopungua ile ya kilo moja ya nyama. Fungu la mchicha au mnavu ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa sokoni, nalo lina vitamini A na madini ya chuma. Mafuta kidogo huisaidia ile vitamini kuingia mwilini, na ndimu au nyanya husaidia chuma hicho kupokewa. Karanga zilizotwangwa ndani ya mboga huleta mafuta na protini pamoja. Ununuzi baada ya mavuno, maharage yakiwa mengi, huokoa fedha ambayo ununuzi wa kibaba kwa kibaba katika miezi ya njaa huipoteza. Nalo ndilo tatizo la maskini, kwamba anayehitaji bei nafuu ndiye asiyeweza kununua gunia.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika bei ya sokoni, nayo ni moto. Maharage na mahindi makavu hutaka saa nyingi jikoni, na mkaa ni ghali mjini, na kuni ni mzigo wa mgongo wa mwanamke mlimani. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda huo sana. Wengi, badala ya kuloweka, hutia magadi ili kande ilainike upesi. Katika Arusha desturi hii yataka hadhari ya pekee. Maji ya sehemu nyingi za Meru yana floridi nyingi kwa asili ya volkano, na baadhi ya magadi yana floridi pia. Uchunguzi umehusisha magadi na yale meno ya rangi ya kahawia yanayojulikana sana katika mkoa huu. Hapa elimu haipingani na upishi wa zamani, ila yausahihisha: maji ya kulowekea ni bora kuliko kijiko cha magadi.

Uaminifu wadai kutaja mpaka mwingine. Vitamini B12, ambayo damu na neva huihitaji, haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Mtu wa zamani wa Meru aliipata katika maziwa na katika nyama ya siku zenye jina. Yule anayeacha vyote kwa hiari, mjini au kijijini, hana budi kuitafuta katika vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo au katika vidonge. Na mama mjamzito, mwenye kunyonyesha, na mtoto mchanga wahitaji uangalizi zaidi. Kusema hivi si kuuvunja mlo wa mimea. Chakula kinachojulikana upungufu wake ni salama kuliko chakula kinachosifiwa bila kupimwa.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haimo katika vitamini bali katika soko na ardhi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake, na wakulima wa kaskazini ya Tanzania, waliokuwa wamepanda kwa tamaa ya bei ya nje, walizishuhudia mbaazi zao zikianguka thamani hata wengine wakaziacha shambani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chakula chenye protini nyingi kilikosa mnunuzi katika nchi yenye watoto waliodumaa. Mbaazi zilikuwa zimekwisha kuwa bidhaa. Zilikuwa zimesahauliwa kuwa chakula. Na kando ya mto Usa, mashamba yaliyokuwa ya kahawa yamegeuka ya maua ya kupelekwa Ulaya, na mji wa Arusha wapanda mlima mwaka kwa mwaka, nyumba ikisimama palipokuwa na mgomba. Kiwanja cha leo chaweza kuwa na jiko zuri, lakini mboga za jiko hilo sasa hununuliwa.

Basi historia ya Meru yatoa jibu kwa swali la mtu wa mfuko mdogo anayetaka kula vema bila nyama. Jambo hilo lawezekana. Lilifanyika kwa vizazi, katika mlima mmoja, na watu wasiosoma kitabu cha lishe. Lakini waliliweza kwa sababu walikuwa na vitu vitatu: aina nyingi katika chungu kimoja, maji na kipande cha ardhi karibu na mlango, na maarifa ya mikono ya wanawake. Akiondolewa ardhi, mtu hubaki na soko. Akiondolewa soko, hubaki na unga. Na akibaki na unga peke yake, hapana itikadi itakayomlisha. Anayetaka kuisifu kande sharti alitetee kwanza shamba lake la maharage, na anayeionea aibu akumbuke miaka ya sotoka, na ni nani aliyekuwa na cha kumpa mgeni.